Magazeti na Majarida ya Kifaransa kwa Anayejifunza Lugha: Uchague Lipi?

Anayejifunza Kifaransa akishavuka hatua ya kujitambulisha, kuuliza njia na kuagiza chakula, huambiwa aanze kusoma magazeti. Ushauri huo ni mzuri, lakini haumfikishi mbali, kwa kuwa haumwambii asome gazeti lipi, na Kifaransa cha magazetini si cha namna moja. Habari ya mgomo wa treni katika Ouest-France, safu ya maoni katika Le Figaro, taarifa fupi ya Radio Okapi kutoka Bukavu, na mgomo uleule wa treni ukielezwa kwa watoto wa miaka 10, zote ni habari, lakini kila moja inamtaka msomaji wa aina yake. Wengi huanza na Le Monde kwa sababu ndilo jina wanalolifahamu, hukwama kwenye aya ya tatu, kisha huhitimisha kwamba Kifaransa chao bado ni kibovu, ilhali mara nyingi kilichowakwamisha si lugha bali ni siasa za Ufaransa wasizozifuatilia.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa msomaji wa Kiswahili aliye kati ya kiwango cha A2 na C1, yaani ngazi zile zinazotumika kwenye mitihani ya Kifaransa ya DELF na DALF (A ni ya wanaoanza, B ya kati, C ya juu), ambaye anaweza kulipia chapisho moja au mawili, na ambaye muda wake wa kusoma hauzidi nusu saa kwa siku.

Vigezo

Makundi matano yamepimwa hapa kwa vigezo vinne. Cha kwanza ni lugha: urefu wa sentensi, nyakati za vitenzi zinazotawala, na kiasi cha mafumbo na misemo. Cha pili ni mada, yaani ni sehemu gani ya habari msomaji anaijua tayari kabla hajafungua ukurasa. Cha tatu ni msaada anaoupata akikwama, uwe faharasa, sauti au maelezo ya pembeni, pamoja na upatikanaji na gharama kwa mtu aliye nje ya Ufaransa. Cha nne ni aina ya mwanafunzi anayefaidika zaidi.

Niseme mapema kwamba kigezo cha pili nakipa uzito kuliko kinavyopewa kwa kawaida. Anayejua kilichotokea hukisia neno asilolijua na mara nyingi akapatia. Asiyejua kilichotokea hukwama hata pale ambapo maneno yote anayafahamu. Msomaji mwingine anaweza kuvipanga vigezo hivi kwa namna yake, na chaguo lake likawa tofauti na langu bila mmoja wetu kukosea.

Machapisho yaliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi

Lugha. Linalojulikana zaidi katika kundi hili si gazeti bali ni matangazo ya redio yenye maandishi: Journal en français facile ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, taarifa ya habari ya dakika 10 iliyoanza 2001, ambayo nakala yake huwekwa kwenye tovuti, nao wanafunzi wengi huisoma kama gazeti. Habari ni zilezile za siku hiyo, ila mtangazaji akitaja jambo gumu, kwa mfano kura ya kutokuwa na imani na serikali, huongeza sentensi moja ya kulifafanua kwa Kifaransa chepesi. Neno facile, yaani rahisi, lisimdanganye anayeanza, kwa sababu matangazo haya si somo la darasani na humlemea aliyeko A1. Majarida ya Bien-dire na Écoute hufuata njia nyingine: huchapisha makala kamili, kisha hutafsiri maneno magumu pembeni, la kwanza kwa Kiingereza na la pili, ambalo hutolewa Ujerumani, kwa Kijerumani.

Mada. RFI huzungumzia dunia nzima, na Afrika haikosi nafasi. Majarida yale mawili huelekea zaidi kwenye mikoa ya Ufaransa, vyakula, sinema, nyimbo na desturi, mambo ambayo hayapitwi na wakati lakini pia hayana ile hamu ya kutaka kujua kilichotokea jana usiku.

Msaada na upatikanaji. Hapa ndipo kundi hili linapoyashinda mengine. Matangazo ya RFI ni bure, yana sauti na maandishi, na ukisoma maandishi peke yake hayali bando. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna faida ya ziada: RFI ina idhaa ya Kiswahili tangu 2010, kwa hiyo anaweza kusikiliza habari kuu za siku kwa Kiswahili kwanza, kisha akazikuta kwa Kifaransa akiwa tayari anajua nani kafanya nini. Tovuti ya kituo cha televisheni cha TV5MONDE ya kujifunzia Kifaransa nayo ni bure, na mazoezi yake yamepangwa kwa ngazi kuanzia A1 hadi B2. Bien-dire na Écoute hulipiwa kwa fedha za kigeni. Kuhusu Le français dans le monde, jarida lililoanza 1961 ambalo wanafunzi huelekezwa mara kwa mara, ieleweke kwamba limeandikwa kwa walimu wa Kifaransa. Lina mambo mengi mazuri, lakini si chapisho la mwanafunzi kujisomea.

Anayefaa. Kundi hili linamfaa aliyemaliza A2 na anayeingia B1, hasa asiye na mwalimu wa kumuuliza kila siku. Udhaifu wake ni kwamba lugha imeshasafishwa. Aliyekaa humo miaka miwili hufika mahali anaelewa kila kitu anachopewa, lakini akishika gazeti la kawaida anajikuta mgeni.

Magazeti ya watoto na vijana

Lugha. Mon Quotidien, linalotolewa na kampuni ya Play Bac tangu 1995 kwa watoto wa miaka 10 hadi mwanzoni mwa ujana, limejengwa juu ya ahadi ya dakika 10 za kusoma kwa siku. Sentensi ni fupi, kila aya ina wazo moja, na maneno magumu hufafanuliwa kwenye kisanduku. Hata hivyo yapo mambo mawili ambayo wanaolipendekeza gazeti hili kwa watu wazima huyasahau. Mtoto wa Kifaransa wa miaka 10 ameisikia lugha hiyo kwa miaka yote 10, kwa hiyo mwandishi haoni haja ya kumwepusha na subjonctif (hali ya kitenzi ya matakwa au shaka) wala imparfait (wakati uliopita wa jambo lililokuwa likiendelea). Anachomwepusha nacho ni dhana ngumu, jambo ambalo kwa msomaji mtu mzima silo lililokuwa tatizo. Halafu watoto hupenda utani, vitendawili na maneno ya mtaani, na utani ndio unaochelewa kuliko vyote kueleweka katika lugha ya kigeni.

Mada. Shule inatawala, na shule ya Kifaransa ina hesabu zake: mtoto huingia collège akiwa darasa la sixième na kupanda akihesabu kurudi nyuma hadi troisième, kisha huenda lycée kuanza seconde, première na terminale. Asiyejua hilo atadhani mwanafunzi wa quatrième ni mdogo kuliko wa sixième. Kwa upande mwingine, magazeti haya hueleza mambo ambayo magazeti ya wakubwa huyachukulia kuwa yanajulikana: Baraza la Seneti linafanya kazi gani, kwa nini saa hubadilishwa mara mbili kwa mwaka, préfet ni nani na anateuliwa vipi. Mgeni anayetaka kufuatilia siasa za Ufaransa hana darasa la uraia lililo rahisi kuliko hili.

Msaada na upatikanaji. Mon Quotidien hupatikana kwa kulipia, pamoja na mdogo wake Le Petit Quotidien na mkubwa wake L'Actu, ambalo ni la vijana wa sekondari. Wasiotaka kulipa wana 1jour1actu ya kampuni ya Milan ya Toulouse, ambayo tovuti yake ina habari nyingi za wazi na video za katuni za 1 jour, 1 question, kila moja ikijibu swali moja kwa muda usiofika dakika mbili. Majarida ya Bayard, kama Okapi lililoanza 1971 na J'aime lire lililoanza 1977, huonekana kwenye maktaba za Alliance française, vile vituo vya kufundisha Kifaransa, na toleo la zamani la J'aime lire lina thamani ileile ya jipya, kwa kuwa moyo wake ni hadithi.

Anayefaa. Ni mwanafunzi wa A2 anayetaka kumaliza ukurasa mzima bila kufungua kamusi kila mstari, mwalimu wa sekondari anayetafuta maandishi ya darasani, na mzazi anayejifunza pamoja na mwanawe. Mtu mzima anayechoshwa na habari za wanyama na michezo ya uwanja wa shule asijilazimishe.

Magazeti ya kila siku ya Ufaransa

Lugha. Kundi hili linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ugumu wake hauko pale unapotarajiwa. Msamiati ni mpana, ndiyo, lakini msomaji wa B1 huangushwa zaidi na mazoea matatu ya uandishi ambayo vitabu vya masomo huyagusia juujuu.

La kwanza ni vichwa vya habari visivyo na kitenzi. Kichwa kama « SNCF : trafic perturbé jeudi » kina kifupisho cha shirika la reli, nomino moja, kivumishi na siku, msomaji anatakiwa ajaze mwenyewe kwamba usafiri utavurugika, na kwamba sababu huenda ni mgomo.

La pili ni conditionnel ya waandishi wa habari. Mwanafunzi amefundishwa kwamba conditionnel ni ile ya ningekuwa na pesa ningenunua gari. Sasa anakutana na sentensi « L'incendie aurait fait trois morts » na kuielewa kwamba moto ungeua watu watatu, yaani haukuua. Maana yake ni nyingine kabisa: moto unaripotiwa kuua watu watatu, ila gazeti bado halijathibitisha. Mwandishi wa Dar es Salaam au Nairobi angeandika inadaiwa au inasemekana. Mwenzake wa Paris huliweka jambo hilo ndani ya kitenzi. Asiyeijua matumizi haya anaweza kusoma habari nzima ya uchunguzi wa polisi akaielewa kinyume, na asigundue, kwa sababu kila sentensi inampa maana inayokubalika.

La tatu ni kuogopa kurudia jina. Rais akitajwa mara moja kwa jina lake, sentensi inayofuata atakuwa le chef de l'État (mkuu wa nchi), na inayofuata hiyo le locataire de l'Élysée (mpangaji wa Ikulu). Marseille hugeuka la cité phocéenne, Corsica ikawa l'île de Beauté, Wizara ya Fedha ikawa Bercy na ya Mambo ya Nje ikawa le Quai d'Orsay. Mwanafunzi hudhani watu wapya wameingia kwenye habari. Msomaji wa kurasa za michezo za Kiswahili, ambaye hapotei anapoona Wanajangwani na Wekundu wa Msimbazi bila Yanga wala Simba kutajwa, ameshauzoea mtindo huu. Kilichobaki ni kujifunza majina.

Magazeti yenyewe hayalingani. Ouest-France la Rennes, lililoanza 1944 na ambalo kwa miaka mingi limeongoza kwa usambazaji kati ya magazeti ya kila siku ya Ufaransa, na Le Parisien, nalo la 1944, huandika habari za ajali, mahakama, soko na hali ya hewa kwa sentensi za moja kwa moja, zikiendeshwa na nyakati mbili zilizopita zilizo za kawaida, passé composé na imparfait. Le Monde, lililoanzishwa mwaka huohuo na Hubert Beuve-Méry, lina sentensi ndefu na uchambuzi mwingi. (Toleo lake la karatasi hutoka mchana likiwa na tarehe ya kesho, jambo ambalo humchanganya anayelitafuta maktabani.) Le Figaro, la tangu 1826, lina kurasa za maoni zenye Kifaransa cha kujipamba, na tovuti yake ina sehemu inayozungumzia lugha ya Kifaransa yenyewe, ambayo wanafunzi wa ngazi ya juu huipenda. Libération la 1973 hucheza na maneno kwenye vichwa vyake kiasi kwamba ukurasa wa kwanza unaweza kuwa mgumu kuliko makala ya ndani. Le Canard enchaîné la kila Jumatano, gazeti la dhihaka lisilochapisha matangazo ya biashara tangu lilipoanza 1915, lingoje hadi C1, na hata hapo uwe na Mfaransa wa kumuuliza.

Mada. Siasa za ndani zinatawala, nazo zina namba na vifupisho vyake. Mwaka 2023 serikali ilipopitisha mabadiliko ya pensheni bila kura ya mwisho ya wabunge, magazeti yaliandika le 49.3 kila siku bila kueleza kwamba ni aya ya tatu ya kifungu cha 49 cha Katiba. SMIC ni kima cha chini cha mshahara, CGT ni chama cha wafanyakazi, hakuna atakayekwambia. Anayefuatilia siasa hizo huona magazeti haya ni mepesi kuliko sifa zake. Asiyezifuatilia huona ni ukuta.

Msaada na upatikanaji. Msaada wa lugha haupo, na si kazi yao kuutoa, ingawa sehemu ya Les Décodeurs ya Le Monde hueleza mambo kwa uwazi mkubwa. Makala nyingi ni za wanaolipa, lakini kichwa, muhtasari na aya za mwanzo kwa kawaida huwa wazi, na kwa mwanafunzi wa B1 hicho kinatosha kuwa somo la siku. Aliyejiandikisha Alliance française, iwe Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Arusha, aulize kuhusu Culturethèque, maktaba ya mtandaoni ya Institut français yenye magazeti na majarida. Wengi wameshalipa ada ya kozi bila kujua kwamba haki hiyo wanayo.

Anayefaa. Ni msomaji wa B2 na kuendelea, anayejiandaa kwa DELF B2 au DALF, mwanafunzi anayekwenda kusoma Ufaransa, na mfasiri. Wa B1 aanze na Ouest-France au Le Parisien, kurasa za matukio.

Majarida ya mada maalumu na michezo

Lugha. Jarida huandikwa kwa anayelipenda jambo fulani, kwa hiyo msamiati wake ni mwembamba na hujirudia. Makala tatu za Géo, jarida la jiografia na safari, kuhusu volkano zitarudia maneno yaleyale mpaka yakukae. Ça m'intéresse, lililoanza 1981, hupendelea maswali na majibu mafupi; Science & Vie la tangu 1913 ni refu na la kitaalamu zaidi; Paris Match la 1949 hubeba picha kubwa zenye maelezo ambayo msomaji wa A2 anaweza kuyamaliza. L'Équipe, gazeti la michezo lililoanza 1946, lina matabaka mawili: ripoti ya mechi, ambayo ina mpangilio unaotabirika wa dakika, wafungaji na kadi, na safu ya uchambuzi, ambayo imejaa tamathali kuliko hata Le Monde.

Mada. Kwa mpenda mpira kigezo hiki hakina mpinzani. Aliyeangalia fainali ya Kombe la Shirikisho la CAF ya 2023, ambapo Yanga ilifungwa 2-1 Dar es Salaam, ikashinda 1-0 Algiers kwa penalti ya Djuma Shabani, na bado USM Alger ikatwaa kombe kwa mabao ya ugenini, anaweza kusoma ripoti ya mechi hiyo katika gazeti lolote la Algeria linaloandika Kifaransa na akajua neno penalty, but à l'extérieur na coup de sifflet final yanasema nini kabla hajaligusa kamusi. Na kwa kuwa Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa kuandaa pamoja CAN, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027, habari za viwanja vya hapa nyumbani zitaendelea kuandikwa kwa Kifaransa na waandishi wa Dakar, Abidjan na Paris.

Msaada na upatikanaji. Picha, ramani na michoro ndio msaada wenyewe. Matokeo na ripoti fupi za michezo ni bure kwa wingi. Makala ndefu hulipiwa. Majarida ya karatasi ni adimu madukani kwetu, ila maktabani yapo.

Anayefaa. Ni mtu yeyote kuanzia A2 mwenye jambo analolipenda kweli. Hasara ni wembamba uleule: anayesoma michezo tu atajua kueleza kona na faulo, asijue kuandika barua ya kuomba kazi.

Vyombo vya Afrika vinavyoandika Kifaransa

Lugha. Radio Okapi ya Kongo, iliyoanzishwa 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, huweka kwenye tovuti yake taarifa fupi za Kifaransa za aya nne au tano: nani, wapi, lini, nani kasema. Ni Kifaransa cha kawaida kabisa, kisicho na madoido, na kwa kuwa muundo haubadiliki, msomaji wa B1 huuzoea upesi. Iwacu la Burundi, lililoanza 2008, lina makala ndefu kidogo na mahojiano. Jeune Afrique ni jambo jingine: lilianzishwa Tunis mwaka 1960 na Béchir Ben Yahmed, ofisi zake ziko Paris, limekuwa la kila mwezi tangu 2020, na mtindo wake wa wasifu mrefu na kejeli nyepesi ni wa B2 na zaidi. Visiwa vya Komoro vina Al-Watwan, kwa Kifaransa na Kiarabu.

Msomaji atakutana na Kifaransa chenye rangi ya mahali. Kongo, Rwanda na Burundi huhesabu septante na nonante kwa 70 na 90, urithi wa Wabelgiji, wakati Paris husema soixante-dix na quatre-vingt-dix. Wachimbaji wadogo wa Kolwezi ni creuseurs, na utawala wa vijijini una chefferie na groupement. Wapo wanaohofia kwamba mwanafunzi ataharibikiwa na maneno haya. Naona hofu hiyo imezidi, kwani ni machache, yanatambulika, na yanatumiwa na mamilioni ya watu ambao msomaji wa Afrika Mashariki ana uwezekano mkubwa wa kukutana nao kuliko Waparisi.

Mada. Bei ya mafuta, barabara ya Bukavu hadi Uvira, mafuriko ya Ziwa Tanganyika, wakimbizi, forodha, uchaguzi: haya msomaji wa Kigoma, Kigali au Kampala anayajua kabla hajasoma. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, habari za Jumuiya zinaandikwa kwa Kifaransa zikiwa na viongozi na mipaka anayoifahamu.

Msaada na upatikanaji. Tovuti ya Radio Okapi ni bure. Redio yenyewe hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kilingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo, kwa hiyo tukio moja linaweza kufuatwa kwa Kiswahili na kwa Kifaransa siku hiyohiyo. Faharasa haipo. Jeune Afrique hulipiwa.

Anayefaa. Ni wa B1 mwenye kazi au biashara katika ukanda wa Maziwa Makuu, mwandishi wa habari, mfanyakazi wa shirika la misaada, mkalimani. Halimfai vizuri anayejiandaa kuishi Ufaransa, kwa sababu halitamfundisha mutuelle (bima ya ziada ya afya) ni nini wala namna ya kuomba nyumba.

Uchaguzi kwa hali yako

Aliyemaliza A2 na hana mwalimu anaweza kuanza na 1jour1actu kwa wiki chache, kisha maandishi ya RFI, akisoma kwanza na kusikiliza baadaye; akigeuza mpangilio huo atachoka mapema.

Anayejiandaa kwa DELF B2 anahitaji makala zenye hoja, si habari tupu. Achanganye Le Monde au La Croix, gazeti jingine la kila siku la Ufaransa, na makala moja ya Jeune Afrique kwa wiki, na ajizoeze kuandika kwa sentensi mbili mwandishi anatetea nini. Wa DALF C1, ambao mtihani wake una muhtasari wa pamoja wa maandishi zaidi ya moja, achukue habari moja ya siku moja katika Le Figaro na Libération, magazeti yasiyoona siasa kwa jicho moja, na aandike wanapokubaliana na wanapoachana.

Mwongoza watalii wa Arusha au Zanzibar hana sababu ya kuhangaika na 49.3. Géo na kurasa za safari zitampa majina ya wanyama, vyakula, bahari na majengo jinsi wageni wake wanavyoyataja. Mfanyabiashara anayepitisha mizigo kwenda Lubumbashi, au anayefanya kazi Goma, aanze na Radio Okapi hata kama mwalimu wake anasisitiza magazeti ya Paris. Mpenda mpira wa kiwango chochote aanze na mpira, ila akifika B1 aongeze kitu cha pili chenye habari za kawaida.

Mwalimu wa shule ya sekondari atafaidika na mchanganyiko wa Mon Quotidien kwa darasa na Le français dans le monde kwa ajili yake mwenyewe.

Kuhusu malipo, soma kwanza makala za bure za chapisho unalolitaka kwa siku kadhaa, katika kurasa tofauti, kabla ya kujiunga. Bei ya miezi ya mwanzo mara nyingi huwa ya chini kisha hupanda, kwa hiyo chagua malipo ya mwezi badala ya mwaka, na usome masharti ya kujitoa kabla hujaweka namba ya kadi.